Shajara ya mradi: tunafuatilia ndigana (magonjwa ya ng'ombe yanayoletwa na kupe) kwa hela ya kuungaunga, Chamwino, Dodoma

7 Desemba

Leo ndo tumeanza rasmi, japo hiyo rasmi yenyewe ni watu watatu, pikipiki ya kukodi na laki saba na arobaini tulizochangishana. Mimi nimesomea mifugo, mwenzangu ni dada wa maabara ila kazi yake ya mchana ni maabara ya watu siyo ya ng'ombe, wa tatu ni kijana wa boda anayejua kila kichochoro kuanzia Mvumi mpaka makorongo ya huko nyuma. Vijiji siwataji kwa majina, wafugaji waliomba hivyo na nimeheshimu. Kuna vitongoji viwili, kimoja nakiita cha Juu, kingine cha Korongoni, yatosha.

Kilichotusukuma ni hiki. Huku kwetu ndama akifa kipindi cha mvua watu wanasema "ndigana hiyo" na habari inaishia hapo, awe kafa kwa minyoo, awe kafa kwa kunyimwa maziwa, yote ndigana. Hakuna anayeandika. Na kupe hawaleti ugonjwa mmoja, kuna ndigana kali inayoletwa na yule kupe wa kahawia wa masikioni, kuna ndigana baridi na mkojo mwekundu vinavyoletwa zaidi na kupe wa bluu, kuna maji moyo ya yule kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi rangi mgongoni. Magonjwa manne, dawa tofauti, lakini ukipita kwenye maboma kumi wote wanachoma OTC (antibaotiki ya oksitetrasaiklini) ya asilimia ishirini na kumwachia Mungu. Sasa sisi tunataka kujua kipi kinaua, wapi, lini, bila kutumia hela ambayo hatuna. Basi.

21 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha wiki iliyopita, vumbi limekaa chini kidogo. Tumechukua damu ng'ombe 24. Tuliamka saa kumi usiku, saa kumi na mbili kasoro tuko zizini kabla hawajatoka.

Nikiri kwamba nilichagua ng'ombe wakubwa kwa uvivu tu. Ndama anarukaruka, ng'ombe mkubwa ukishambana pua katulia, unapangusa ncha ya sikio kwa spiriti, unachoma, tone linaenda kwenye slaidi, unalivuta na slaidi ya pili, unapunga hewani likauke. Damu ya ncha ya sikio ni nzuri kuliko ya shingoni kwa ajili ya mkojo mwekundu, vile vijidudu vinajazana kwenye mishipa midogo midogo.

Tulifikiria pia PCR, kile kipimo cha kutafuta vinasaba vya vijidudu. Tuliuliza bei sehemu moja, wakatutajia, tukapiga hesabu tukakuta hela yote inaishia kwenye sampuli ishirini na kitu, tukasema ahsante na tukarudi kwenye slaidi.

5 Januari

Nimeaibika kidogo na nimejifunza sana.

Dada amesoma slaidi kwa jioni mbili, kati ya 24 kakuta 15 zina vidoa ndani ya chembe nyekundu, na mimi kwa kiherehere nikaandika kwenye grupu letu la watsapu "hali ni mbaya sana Chamwino". Haikupita saa moja mwalimu wangu wa chuo akapiga.

"Hao ng'ombe wanaumwa?"

"Hapana mwalimu, wanakula vizuri tu."

"Sasa umepima nini?"

Nikakaa kimya. Akanielezea kama mtoto wa darasa la pili. Ng'ombe mkubwa wa huku aliumwa akiwa ndama, akapona, lakini vijidudu vinabaki mwilini vichache vichache kwa miezi na hata miaka, anavibeba tu haumwi. Slaidi yake itaonyesha vidoa, ila haikwambii kama kupe kamuuma juzi au kamuuma miaka minne iliyopita. Ndama wa miezi mitatu ni kitu kingine, kazaliwa hapa, msimu huu, chochote utakachokikuta kwenye damu yake kimeingia ndani ya hiyo miezi mitatu. Kwa hiyo ukitaka kujua kupe wanafanya nini sasa hivi, muulize ndama. Mama yake atakusimulia historia.

Aisee. Mwezi mzima nimeuliza historia.

Akaniongezea na hesabu, hii naiandika ili nisiisahau. Kwenye kundi kubwa, ukipima 30 uliowachagua kwa bahati nasibu na wote wakawa safi, una uhakika wa asilimia 95 kwamba wenye ugonjwa hawazidi asilimia 10. Njia ya mkato ni tatu gawanya kwa idadi uliyopima, tatu kwa thelathini ni moja ya kumi. Ukitaka kushuka mpaka asilimia 5 inabidi upime kama 60. Sharti ni kipimo kiwe kinanasa, na slaidi inakosa wenye vijidudu vichache sana, kwa hiyo ukiona sifuri usishangilie mno. Ila kwa sisi 30 inatosha, ukipima 200 kwa swali hilohilo unachoma hela tu.

Vitongoji vyote viwili vina ndama mia na kitu. Tumeandika maboma kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kofia ya kijana wa boda, tukachomoa. La sivyo tungepima wale wa barabarani tu maana ndo pikipiki inafika.

18 Januari

Hawa 30 sasa tunawaita ndama wa lindo. Kila mmoja ana jina au alama, wengine wana hereni, wengine tumewafunga uzi wa rangi shingoni na wawili tayari wameukata wakautafuna.

Leo nilishinda Korongoni. Mzee mwenye boma, nilimpa shikamoo, akanirudishia marahaba na akaongeza "mbukwenyi" kwa wote tuliokuja, akakaa kwenye kigoda kuangalia kama kweli tunajua kazi. Ukilishika sikio la ndama ukaligeuza kuelekea jua linalochomoza, linakuwa jekundu linapitisha mwanga, na kule ndani kwenye manyoya unawaona wamejipanga kama punje za uwele, wa kahawia, bapa, hawasogei. Hao ndo wenyewe. Jike aliyekunywa anakuwa kama punje ya mtama iliyolowekwa usiku kucha, kijivu, anang'aa. Chini ya mkia wapo wengine wenye miguu myekundu, na kwenye ngozi ya kidevu na tumboni ndo makazi ya wale wa bluu. Tunahesabu upande mmoja wa mwili tu alafu tunazidisha mara mbili, haina haja ya kumzunguka ndama mzima, tofauti ni ndogo na mda unaokoa nusu.

Vijana wachungaji wanahesabu vizuri kuliko mimi. Kuna mmoja ana miaka kama kumi na moja, nilihesabu sikio nikapata saba, akaniambia "kumi mjomba, watatu wako kwenye mkunjo", nikaangalia, kweli. Kuanzia leo yeye ndo mhesabuji, ana daftari, anapiga vijiti vitano vitano, na kila raundi namtumia vocha ya mia tano kwenye simu ya baba yake.

Wastani wa sikio moja mwezi Desemba ulikuwa kama kupe wawili. Leo ni tisa.

2 Februari

Siku ya kukasirika. Slaidi zote za raundi iliyopita zimeharibika na sababu ni mbili, zote za kijinga.

Ya kwanza, nzi. Tulizianika kwenye benchi nje ya nyumba ya mwenyeji zikauke, tukaenda kunywa chai, tukarudi kumi na moja zina matobo kama zimekwanguliwa. Nzi wanakula damu mbichi iliyokaukia kwenye kioo, sikuwa najua. Dada anasema hata sisimizi. Sasa tunabeba kiboksi chenye mfuniko na methanoli tunaweka hapohapo zizini, damu ikishagandishwa na methanoli nzi haitaki.

Ya pili, maji. Giemsa, ile rangi ya kupaka slaidi ili vijidudu vionekane, tulichanganya na maji ya kisima, na maji ya visima vya Dodoma kila mtu anayajua, chai yenyewe inataka sukari ya ziada. Rangi ikatoka ya kijani kijani na vidoa vyeusi vya uchafu kila mahali, ukitazama kwenye darubini huwezi kutofautisha uchafu na ndigana baridi, maana ndigana baridi nayo ni kidoa tu pembeni mwa chembe. Giemsa inataka maji ya pH 7.2, kuna vidonge vya bafa vya kuyaweka kwenye hiyo pH vinauzwa, kimoja unakiyeyusha kwenye maji safi umemaliza. Tulibana matumizi kwenye vidonge tukapoteza slaidi 30, mafuta ya pikipiki na asubuhi nzima.

Hasira zilipoisha tukafikia uamuzi ambao nadhani ndo mkubwa kuliko yote ya mradi huu. Hatuchukui tena slaidi kwa kila ndama kila raundi. Raundi moja ya wote 30 tutairudia ili tujue tunaanzia wapi, baada ya hapo ni kipimajoto na mkono kwanza. Alfajiri, kabla jua halijawaka, ndama mzima ana nyuzi 38.5 mpaka 39.5. Akizidi 39.5, au tezi ya chini ya sikio au ya mbele ya bega imevimba, huyo ndo anapata slaidi. Saa nane mchana usipime kabisa, jua la huku litakupa homa ya uongo kwa zizi zima.

Raundi sasa inatugharimu elfu 25: boda elfu 12, vocha elfu 4, sindano na glovu na spiriti elfu 5, zilizobaki ni slaidi na dawa zake. Kila wiki mbili. Kwa hela iliyopo tunafika mpaka mvua iishe na chenji inabaki.

22 Februari

Masikio yamefika wastani wa 17 Korongoni. Cha Juu ni sita tu, na vitongoji vimeachana kilomita nne.

Na tumempata wa kwanza. Ndama jike, miezi minne, wa mama mmoja mjane wa Korongoni mwenye ng'ombe saba. Kipimajoto kikasoma 41.2. Tezi ya chini ya sikio la kulia ilikuwa kama limao, ukiiminya inateleza chini ya ngozi, ngumu. Bado alikuwa ananyonya, ndo maana mwenyewe hakushtuka. Dada alichoma sindano kwenye tezi, akavuta kidogo sana, akapuliza kwenye slaidi, na jioni kwenye darubini akaniita nije nitazame: ndani ya chembe nyeupe kuna vishada vya bluu vyenye nukta nyekundu nyekundu, vile ambavyo vitabu mpaka leo vinaviita miili ya bluu ya Koch. Ndigana kali, hamna ubishi.

Kumbuka damu ya ndama huyohuyo ya sikioni ilikuwa karibu safi. Tungechukua damu peke yake tungesema mzima. Tezi huwahi, damu hufuata.

Mama alikuwa tayari ameshanunua OTC. Nikamwambia, mama, hii ikishafika hapa OTC haiwezi, inayotakiwa ni buparvakwoni, mili moja kwa kila kilo ishirini, huyu ni kilo kama sitini kwa hiyo mili tatu. Akauliza bei, nikamtajia, akatazama chini mda mrefu. Mwisho alikopa kwa shemeji yake. Ndama amepona.

Wa pili hakupona, yuko kitongoji hichohicho, tuliambiwa siku ya nne tayari anatoa povu puani. Mwenyewe alikuwa na namba yangu, hakupiga, alidhani nitamtoza hela ya kuja. Hilo ni kosa langu, nilieleza vipimo mwanzo mwisho nikasahau kusema kwamba simu ni bure na kuja ni bure.

9 Machi

Tumehangaika na swali la kwa nini Korongoni na siyo Juu.

Dhana ya kwanza ilikuwa josho. Wote wanaogesha josho moja, shilingi 50 kwa ng'ombe, kila wiki mbili maji yakiwepo. Tukafanya kipimo ambacho hakina gharama kabisa: tumehesabu kupe kwa ng'ombe kumi asubuhi kabla hawajatumbukia, tukawahesabu tena haohao baada ya siku mbili. Kupe wa masikioni walikuwa wameisha karibu wote. Wa bluu walikuwepo, wamepungua ila wapo, wengine wananenepa bila wasiwasi.

Hapo kuna mawili, dawa imezimuliwa (watu wanaongeza maji josho likipungua, dawa hawaongezi) au wa bluu wameshaizoea. Mimi naelekea kwenye la pili. Yule wa kahawia ana maisha ya kuhama, kila hatua anashuka chini na kupanda mnyama mwingine, wengi wao hawagusi dawa. Wa bluu anaishi kwa ng'ombe mmoja tangu akiwa mdogo kama chawa mpaka anazeeka, kama wiki tatu, kwa hiyo kila kizazi kinakunywa dawa, na anayebaki ndo anazaa. Ila sina uthibitisho, dawa ya josho tumetia kiasi kwenye chupa na kupe tumewaweka watano watano kwenye spiriti, siku hela ikipatikana tutapima kwa mafungu, yaani watano wanapimwa pamoja kama mmoja. Fungu likiwa safi umewasafisha wote watano kwa bei ya mmoja.

Lakini josho halielezi Korongoni, maana kupe wa masikioni wanakufa vizuri tu. Jibu alilitoa yule mtoto mhesabuji, hata hatukumuuliza. Alisema "ndama si hawaendi josho mjomba". Nikamwambia wa Juu je? Akasema wa Juu nao hawaendi, ila wao wanafungiwa. Ndo ikawa hivyo. Ndama hapelekwi josho popote, wanaogopa atazama. Cha Juu ndama wanabaki bomani wanakatiwa majani, Korongoni wanaachiwa kwenye nyasi za bondeni karibu na nyumba, palepale ambapo ng'ombe wakubwa wanapita jioni wakidondosha kupe walioshiba. Kwenye kivuli na unyevu, ambapo kupe wa kahawia anapenda kuliko kote kwenye nchi hii kavu.

Tumenunua makopo manne ya grisi ya kupe. Unapaka ndani ya sikio kwa kidole, mara moja kwa wiki. Kupe anahitaji siku kadhaa ameng'ang'ania ndo vijidudu vikomae na kuanza kushuka kwenye damu, kwa hiyo hata ukichelewa siku mbili hujachelewa sana.

23 Machi

Hii haiko kwenye mradi ila naiandika.

Kijana wa boda alipata homa wiki mbili zilizopita baada ya kulala siku tatu kwa bibi yake, nyumba ya tembe ya zamani, sakafu ya udongo. Akaenda kituo cha afya kimoja, kipimo cha haraka kikaonyesha hana malaria, akapewa panado. Homa ikaisha. Akafurahi. Baada ya siku kama saba ikarudi imekuja na hasira, hawezi kushika usukani. Dada akamwambia hebu njoo nilipo, akapima tena kwa kipande kilekile cha haraka, malaria hamna, alafu akatengeneza slaidi nene ya damu, akapaka Giemsa hiihii ya kwetu, na kule ndani akaona nyuzi nyembamba zimejisokota kama chemchemi ya kalamu. Homa ya papasi. Daktari akampa vidonge, wiki hii yuko barabarani.

Papasi naye ni ndugu wa kupe, ila laini, hana gamba, anaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta, usiku anatoka anakunywa nusu saa na kurudi, asubuhi huoni kitu. Wazee wa Ugogo wanamfahamu tangu enzi na enzi. Robert Koch, yule mtafiti Mjerumani wa vijidudu, akiwa nchi hii mwaka 1905 alionyesha kwamba vijidudu vya homa ya papasi vinapita mpaka kwenye mayai, watoto wa papasi wanazaliwa navyo, wakati kupe wetu wa ndigana kali kila kizazi kinazaliwa safi na lazima kiokote kwa ng'ombe. Ndo maana nyumba ikishakuwa nao haihitaji mgonjwa mpya. Na hapo Mvumi walishapuliza dawa kwenye nyumba na homa hiyo ikapungua kwa watoto chini ya miaka mitano, utafiti ulichapishwa mwaka 1998.

Kinachonisumbua ni kwamba kile kipande cha haraka kinatafuta malaria tu. Zamani kila homa ilipigiwa slaidi, ukitafuta malaria unakutana na papasi njiani. Siku hizi slaidi zimepungua na anayesoma amepungua. Dada ameanza kuweka slaidi kwa kila mtu mwenye homa iliyorudi mara ya pili na kipimo cha haraka kimekataa, anaandika na kijiji alicholala. Gharama yake ni kioo kimoja na dakika ishirini.

13 Aprili

Mvua imekata. Masikio Korongoni yameshuka mpaka wastani wa nne, sehemu ni msimu na sehemu ni grisi, siwezi kuvitenganisha na sitaki kudanganya kwamba naweza.

Tangu Februari tumekuta ndigana kali ndama wanne, watatu Korongoni mmoja Juu, wawili wamekufa. Mkojo mwekundu mmoja, alikuwa mtamba aliyenunuliwa mnadani Msalato akaletwa hapa, siyo ndama wa lindo. Ndigana baridi kwenye slaidi za ndama zipo kadhaa bila ugonjwa, ndama wadogo huvumilia. Maji moyo hatukuikuta, ila ile inataka ubongo wa mnyama aliyekufa na hakuna aliyekubali tupasue kichwa, na mimi sikusisitiza.

Laki moja na elfu tisini imebaki. Dada anataka darubini ya mtumba, mimi nataka grisi ya ndama wote mia na kitu kabla ya Desemba, tumebishana kwenye watsapu mpaka saa sita usiku na hatujamaliza. Yule mtoto mhesabuji daftari lake limejaa, ameomba jingine lenye mistari mikubwa. Raundi ijayo ni tarehe 26, bafa vimebaki vidonge vinne.